Roboti ya Kupigana Isiyozimika Ulingoni: Mwongozo Kamili wa Kuiunda Mombasa

Vijana wanaoniletea roboti zao nizitazame karibu wote hulalamika jambo moja. Mashine inazunguka vizuri uani nyumbani, inawatisha paka wa mtaa mzima, lakini ikigongwa mara moja tu inasimama kama jiwe. Mwenyewe anaamini mpinzani alikuwa na silaha kali kuliko yake. Nikifungua kifuniko nakuta silaha haihusiki. Waya umechomoka, au nati imelegea, au mota imejizungusha ndani ya kishikizo chake.

Waundaji wengi huanza na silaha, kisha mota na nyaya zinapachikwa usiku wa mwisho. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Mashine kwanza iende, igongwe, iendelee kwenda. Silaha tutaifunga mwisho.

## Tunaunda nini

Roboti zinazoonekana katika kipindi cha Marekani cha BattleBots hufika kilo 113. Usianzie huko. Tutaunda ya kilo 13.6, daraja linalotambulika Marekani na Uingereza pia. Uzito huu una faida kubwa kwetu: unaendeshwa na mota za drili za betri, na drili mbovu hazikosekani Mombasa.

Pambano la kawaida ni dakika 3. Roboti isiyoweza kutembea huhesabiwa hadi 10 na kutolewa. Muda ukiisha roboti zote zikiwa hai, waamuzi hupima madhara, ukali wa kushambulia na umahiri wa kuendesha. Kwa hiyo mashine inayotembea dakika zote 3 ina nafasi hata ikiwa na silaha ya wastani. Iliyozimika haina.

Yetu ina magurudumu mawili nyuma, kabari ya chuma mbele, na mkono wa kumwinua mpinzani unaoendeshwa na mota ya waipa ya gari.

Onyo la kwanza na kubwa kuliko yote: usiunde silaha ya kuzunguka kwa kasi, kama bapa au ngoma yenye meno, ikiwa huna ulingo uliofungwa kwa polikaboneti nene, ile plastiki ngumu inayoonesha ndani kama kioo. Kipande cha chuma kikiruka kutoka kwenye silaha ya namna hiyo hakichagui mtoto wala mzee.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kukata chochote.

- Drili mbili za betri za volti 12 hadi 14.4, za aina moja kabisa. Betri zake zikiwa zimekufa si neno, ila mota na giaboksi ziwe nzima. Zikitofautiana, roboti itavuta upande mmoja daima.
- Mota moja ya waipa ya gari, pamoja na mkono wake mfupi wa kuzungusha. Mwambie muuza vipuri asiukate.
- Vibao vya plastiki vya kukatia nyama, unene wa milimita 10. Plastiki hii inaitwa HDPE. Hupinda bila kupasuka, na ndiyo sababu waundaji hata wa ng'ambo huipenda.
- Bamba la chuma la milimita 4 la kabari, na bawaba mbili nzito.
- Kidhibiti mwendo cha mota mbili. Mimi natumia Sabertooth 2x25, kinachohimili ampia 25 mfululizo na 50 kwa muda mfupi kwa kila mota.
- Kidhibiti kidogo cha mota moja kwa ajili ya waipa.
- Rimoti ya gigahezi 2.4 na kipokezi chake. Flysky FS-i6 inatosha.
- Betri ya lipo, yaani lithiamu polima, ya seli 4 (volti 14.8), uwezo wa mAh 4000, na chaja yake inayosawazisha seli.
- Waya laini wa nyuzi nyingi wenye gamba la silikoni, milimita za mraba 4.
- Feruli, yaani vile vikofia vya shaba vinavyovalishwa ncha ya waya, na koleo lake la kubania.
- Soketi za XT60, taa ndogo ya LED na rezista yake, kapasita 6 za 0.1 µF, fyuzi za gari za ampia 30.
- Boliti za milimita 6, nati zenye pete ya plastiki ndani, washa pana, gundi ya kuzuia boliti isilegee.

Vibao, drili mbovu na vipuri vya gari utavipata kwa kuzunguka Kongowea na kwa wauza vyuma chakavu. Vidhibiti, rimoti na betri ya lipo mara nyingi huagizwa kutoka Nairobi na kushushwa na basi. Agiza viwili vya kila kidhibiti kama mfuko unaruhusu.

## Hatua ya 1: Toa mota kwenye drili

Fungua mdomo wa drili hadi mwisho, mulika ndani. Utaona skrubu chini kabisa. Skrubu hii ina uzi wa kushoto: hufunguka kwa kuzungushwa upande wa mshale wa saa. Wengi huikaza kwa nguvu wakidhani wanaifungua, ikavunjika kichwa. Ikishatoka, itunze kama pete ya posa. Tutaihitaji.

Kisha bana ufunguo mnene wa L kwenye mdomo na uupige kwa nyundo kinyume cha saa. Mdomo utalegea na kutoka.

Vua gamba la plastiki. Utabaki na mota, giaboksi, na pete yenye namba, ambayo ndiyo klachi. Klachi hutakiwi kuiacha ilivyo. Kazi yake ni kuteleza mzigo ukizidi, na kusukuma roboti nyingine ni mzigo uliozidi. Toa springi zilizo nyuma ya gololi, weka boliti fupi mahali pake, zibane gololi zisiweze kuruka. Usikaze kupita kiasi, la sivyo giaboksi itapinda na kuwa nzito.

*Ukifaulu:* ukiishika ekseli kwa koleo na kuwasha mota nukta moja, mkono wako unavutwa kwa nguvu. Ukisikia "krrrr", klachi bado inateleza.

## Hatua ya 2: Magurudumu

Kata duara nne za kipenyo cha milimita 150 kutoka kwenye kibao, uzifunge mbilimbili ziwe na unene wa milimita 20. Kata taratibu, maana msumeno wa kasi huyeyusha HDPE na kuiziba njia yake yenyewe.

Mpira wa kukanyagia nenda kwa mshona akala. Mwombe ukanda wa tairi alioupunguza unene, kama anavyofanya kwa soli. Ufunge kuzunguka duara kwa skrubu fupi ambazo vichwa vyake vimezama. Usitegemee gundi: hakuna gundi ya dukani inayoshika HDPE sawasawa.

Kitovu kinahitaji nati yenye uzi sawa na ekseli ya drili. Nyingi ni za nusu inchi zenye nyuzi 20 kwa inchi, au za inchi 3/8 zenye nyuzi 24. Usikisie, beba drili yenyewe kwa fundi wa kerezo. Mwambie achomelee nati kwenye bamba la mviringo lenye matundu manne, nawe ulifunge bamba hilo kwenye gurudumu kwa boliti nne.

Sasa rudisha ile skrubu ya uzi wa kushoto katikati ya ekseli. Mota ikizunguka kinyume, gurudumu hujaribu kujifungua. Skrubu hiyo hukaza palepale gurudumu linapotaka kutoka. Ukiiacha nje utaona gurudumu lako likivuka ulingo peke yake.

Kwa mizunguko 550 kwa dakika, gurudumu hili litakupa zaidi kidogo ya mita 4 kwa sekunde. Ni mwendo wa kutosha kabisa kwa anayejifunza kuendesha.

## Hatua ya 3: Boksi na uzito

Chini na juu: sentimita 40 kwa 35. Kimo cha boksi zima: sentimita 13. Kwa kuwa magurudumu ni sentimita 15, yatachomoza juu na chini, na roboti ikipinduliwa itaendelea kutembea kichwa chini.

Shika giaboksi, si mota. Kata vipande viwili vya kibao vyenye nusu duara, uviumanishe kuzunguka giaboksi na kuvikaza kwa boliti mbili zinazopita hadi sakafu. Gamba la mota ni jembamba. Ukilibana litapinda na sumaku zitakwaruza.

Kabari funga kwa bawaba ili makali yake yakae sakafuni kwa uzito wake. Kabari iliyochomelewa imara hupendeza machoni, lakini sakafu ikiwa na kijibonde inaacha mwanya, na mpinzani anaingia chini yako.

Mgawanyo wangu wa uzito, kwa makadirio: boksi kilo 4.2, mota za drili 1.2, waipa 1.3, magurudumu 1.2, betri nusu kilo, vidhibiti na kipokezi 0.4, kabari 1.8, mkono 0.8, boliti na nyaya 0.8. Jumla ni 12.2. Kilo 1.4 iliyobaki usiijaze. Itajijaza yenyewe, na mizani ya mashindano haina huruma hata ya gramu 50.

## Hatua ya 4: Nyaya

Hapa ndipo roboti nyingi hufia, kwa hiyo soma polepole. Mashine yangu ya kwanza ilisimama kabla ya sekunde 20, na chanzo kilikuwa kosa ambalo nalikuta hadi leo kwa kila anayependa kazi yake iwe safi.

Kosa lenyewe ni hili: kupaka solda ncha ya waya, kisha kuibana kwa skrubu ya kidhibiti. Inaonekana nadhifu, nyuzi zimeshikana, skrubu imekaza. Lakini solda ni metali laini. Ikikaa chini ya mgandamizo hujitandaza kidogo kidogo, na baada ya siku chache skrubu uliyoikaza sana haishiki kitu. Mtikiso mmoja, waya nje. Ncha inayoingia kwenye skrubu ivalishwe feruli na kubanwa kwa koleo lake. Ikiwa huna feruli, sokota nyuzi tupu bila solda, kaza, kisha kaza tena kesho yake.

Baada ya kukaza, vuta kila waya kwa nguvu ya mkono kana kwamba unataka kuung'oa. Utakaotoka hapa umekuokoa ulingoni.

Solda ina mahali pake: kwenye vichwa vya mota, pale nyaya zinapoungwa, na kwenye soketi za XT60. Pasha kichwa cha mota kwanza, halafu gusisha solda kwenye kichwa hicho, si kwenye ncha ya pasi ya solda. Kiungo kizuri hung'aa na kujitandaza kama tone la samli kwenye chapati ya moto. Kikiwa kimefifia na kujikunja kama donge, kirudie.

Solda hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu kama msumari kwa sentimita moja hivi, na pale ugumu unapokutana na ulaini ndipo waya hukatika. Kwa hiyo funga kila waya kwenye boksi kwa kamba ya plastiki sentimita 3 kutoka kiungo, ili mtikiso usifike hapo. Acha na ulegevu wa kupitisha kidole kati ya kishikizo na kiungo.

Usitumie waya wa umeme wa nyumba. Uzi wake mmoja mnene haukuumbwa kutikiswa. Utavunjikia ndani ya gamba, na wewe utakesha ukitafuta tatizo usiloliona.

Kila mota ya drili ipate kapasita tatu za 0.1 µF: moja kati ya vichwa viwili, na moja kutoka kila kichwa hadi kwenye gamba la mota. Brashi za ndani ya mota hutoa cheche, na cheche husumbua mawasiliano ya rimoti.

Kidhibiti kikalishe juu ya vipande vya ndara ya mpira kwenye kona zake nne. Usikifunike chini kote, kinahitaji hewa.

Sasa jambo letu sisi wa pwani. Hewa yetu ina chumvi, na msimu wa kusi unyevu hauondoki. Shaba huota kutu ya kijani ndani ya miezi michache. Nikishamaliza kupima kila kitu, napaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya bodi za elektroniki na viungo vya solda, mara mbili, nikikwepa soketi, skrubu na bamba la kupozea joto.

Kiungo cha kukatia umeme. Kata waya wa chanya kati ya betri na vidhibiti, na ncha zake mbili ziunge kwenye pini mbili za soketi ya XT60 inayochungulia nje ya boksi. Tengeneza kiziba chake kwa kuunganisha pini mbili za XT60 nyingine kwa kipande cha waya. Kiziba kikiingia, roboti ina umeme, kikitoka, imekufa. Kiwe mahali pa kufikika bila kuweka mkono mbele ya mkono wa kunyanyulia. LED iunganishwe baada ya kiungo hiki ili kila mtu aone mashine ni hai.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, pima chanya na hasi kwa multimita, mara mbili. Betri ikigeuzwa, kidhibiti huungua papo hapo. Kwa majaribio ya mwanzo pitisha umeme kwenye fyuzi ya ampia 30.

## Hatua ya 5: Rimoti

Weka roboti juu ya tofali, magurudumu yaelee. Peleka mbele kwa kasi, kisha zima rimoti. Magurudumu yasimame ndani ya sekunde moja.

Yakiendelea kuzunguka, kipokezi kinashikilia amri ya mwisho. Ingia kwenye menyu ya rimoti, weka kila chaneli irudi kwenye kusimama mawimbi yakikatika, na chaneli ya mkono irudi kwenye kuzima. Usiamini kwamba kiwandani walishaweka. Hakuna mashindano ya maana yatakayokuruhusu kuingia bila kinga hii, na hata nyumbani ni yenyewe inayozuia kilo 13 za chuma na plastiki zisimkimbilie mtu.

## Hatua ya 6: Betri

Seli ikijaa ina volti 4.2, kwa hiyo pakiti nzima ni 16.8. Isishuke chini ya 3.3 kwa seli. Ukiihifadhi zaidi ya siku mbili tatu, iache kwenye 3.8.

Wanaonunua betri kubwa "ili isikate" wanabeba uzito bure. Ukitumia wastani wa ampia 40 kwa dakika 3, umetumia mAh 2000 tu. Nusu ya betri yetu imebaki.

Chaji kwa ampia 4, nje barazani, ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga, na ndoo nyingine ya mchanga kando. Usiiache peke yake hata kwenda dukani. Usiichaji ikiwa bado ina joto la kazi. Usiiache ndani ya gari lililopigwa na jua. Ikivimba, safari yake imekwisha.

## Hatua ya 7: Majaribio kabla ya silaha

Usiruke hata moja.

1. Iendeshe dakika 3 mfululizo kwenye saruji, ukigeuza ghafla na kurudi nyuma. Baada ya hapo gusa mota: kidole kiweze kukaa sekunde 3. Kama hakiwezi, kuna kinachokwaruza.
2. Jaza mtungi wa lita 20 hadi lita 15, hapo una mpinzani mzito kidogo kuliko wa kweli. Usukume mita 5. Magurudumu yakiteleza, sogeza betri nyuma. Yakisimama kabisa, rudi kwenye klachi.
3. Ikiwa imewashwa, betri imezungushiwa sponji na watu wamekaa mbali, idondoshe kutoka nusu mita kwenye saruji. Kila upande mara moja. LED isipepese hata kidogo, na iitike rimoti mara tu ikitua.
4. Fungua kifuniko. Vuta kila waya tena.

Jaribio la tatu huwauma watu moyo, naelewa. Umeikeshea wiki tatu halafu unaambiwa uiangushe. Lakini saruji ya kwenu inakupa nafasi ya kurekebisha.

## Hatua ya 8: Mkono wa kunyanyua

Siri ya mota ya waipa ni kwamba tayari inajua kazi hii. Inazunguka upande mmoja, na mkono wake mfupi hugeuza mzunguko kuwa kwenda na kurudi. Unganisha mkono huo mfupi, kwa fimbo ya chuma, na mkono wa roboti unaocheza kwenye boliti ya milimita 12. Utapanda na kushuka wenyewe, karibu mara moja kwa sekunde. Hakuna haja ya kugeuza mota wala ya swichi za kusimamisha.

Mota hii ina nyaya kadhaa: kasi ndogo, kasi kubwa, na ule wa kurudisha waipa mahali pake. Tafuta wa kasi kubwa kwa betri ya gari na fyuzi, zisizotumika zifunike kwa mpira.

Angalia: mota nyingi za waipa hutumia gamba lake kama hasi. Ukigeuza umeme ili izunguke kinyume, gamba zima linakuwa chanya, na likigusa chuma kilichounganishwa na hasi utaona moshi. Hii ni sababu nyingine ya kuiacha izunguke upande mmoja.

Toboa tundu linalopita mkono na ukuta wa boksi, uchomeke pini ya chuma. Pini hiyo hukaa humo wakati wote roboti ikiwa nje ya ulingo. Kuingia: washa rimoti, weka kiziba, toa pini. Kutoka: rudisha pini, toa kiziba, zima rimoti. Ukivuka nayo feri ya Likoni, kiziba kiwe mfukoni mwako, si kwenye roboti.

*Ukifaulu:* mkono unauinua upande mmoja wa ule mtungi wa lita 15 bila mota kuguna, na roboti haijiinui nyuma. Ikijiinua, fupisha mkono sentimita mbili tatu na ujaribu tena.

## Hatua ya 9: Alama za rangi

Boliti zote zikishakazwa kwa gundi yake, chora mstari mwembamba wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye kibao. Kila baada ya pambano mulika kurunzi. Mstari ulionyooka, nati haijasogea. Mstari uliokatika, umeiona kabla haijadondoka. Kazi hii huchukua dakika mbili, na betri inapoa wakati huohuo.